Muulize Bibi Shamba: Pareto yangu ni majani matupu

Barua za mwezi huu karibu zote ni za pareto, lile ua jeupe la kutengenezea dawa ya kuua wadudu. Nimezoea. Bei ikipanda watu huikumbuka, ikishuka huing'oa, na mimi huku Isyonje, Mbeya, naendelea kuchuma yangu nyuma ya nyumba. Waliouliza kilo moja itauzwa shilingi ngapi mwakani sitawajibu. Hayo muulizeni mnunuzi, tena mbele ya mashahidi. Wengine karibuni.

Shikamoo Bibi. Shemeji yangu wa Njombe alinipa miche ya pareto nikaipanda uani, Kihonda, Morogoro. Imeshika vizuri, ina majani ya kijivu yanayopendeza, namwagilia kila jioni na nimeweka samadi ya kuku. Lakini zaidi ya mwaka sasa haijatoa hata ua moja. Au nilipewa miche dume?
*Mpenda maua, Morogoro*

Marahaba mwanangu. Pareto haina mche dume wala mche jike, kwa hiyo mwache shemeji yako kwa amani. Wa kulaumiwa ni usiku wa Morogoro.

Mmea huu asili yake ni milima ya mawe ya chokaa kando ya bahari ya Adriatiki: Dalmatia ya Kroatia, kuteremka mpaka Montenegro na Albania. Kule huota kwenye miteremko mikavu yenye upepo, mahali ambapo wewe na mimi tusingethubutu kupanda hata mchicha. Baridi kali ya kule ndiyo inayouamuru uache kuota majani uanze kutunga vitumba. Sisi hatuna baridi ya namna hiyo, lakini tuna mwinuko, na mwinuko unafanya kazi hiyo hiyo. Pareto inataka siku kumi hadi wiki mbili hivi za usiku ulio chini ya nyuzi 16 ndipo itunge maua. Mchana nao ukipita nyuzi 24 kwa muda mrefu, hata vitumba vilivyokwisha kuanza hudumaa.

Ndiyo sababu kwetu hulimwa kuanzia mita 1,700 hivi kwenda juu. Angalia ilipo: Umalila na Uporoto huku Mbeya, Makete, Mufindi, Kenya ni Molo na Kinangop, Rwanda ni Musanze, chini ya zile volkano. Kote huko watu hulala na blanketi mbili. Tena kadiri unavyopanda mlima ndivyo ua linavyokuwa na sumu nyingi zaidi, na hiyo sumu ndiyo inayonunuliwa. Morogoro mjini mko kwenye mita 500 na kitu. Mmea wako una afya na umeshiba, ila haujapata baridi ya kuuambia wakati umefika.

Samadi ya kuku nayo imezidisha. Naitrojeni nyingi huipa pareto majani na uvivu. Na kumwagilia kila jioni kutaiozesha mizizi siku si nyingi, maana huu ni mmea wa mawe, unataka maji yapite yaende zake. Kama una ndugu anayeishi juu kabisa kwenye milima ya Uluguru, mpelekee miche hiyo mvua zikianza, mwenyewe utashangaa. (Na usiniulize kama chungu kinaweza kulazwa kwenye friji. Kuna msomaji aliwahi kuniuliza.) Hapo Kihonda panda zinia, au alizeti yenyewe. Ni za ukoo mmoja na pareto, na joto lako zitalifurahia.

Shikamoo Bibi. Nina ekari moja huku Makete, ilikuwa na ngano. Msimu huu nataka kuingia kwenye pareto. Jirani anasema nichukue mashina yake nigawe, mwingine anasema nioteshe mbegu. Nimfuate nani? Na ekari inaingia miche mingapi?
*Kijana wa Makete*

Marahaba baba. Umeanza vizuri kuliko unavyojua, kwa kuwa shamba lako limetoka kwenye ngano. Sababu utaiona chini, kwa mwenzako wa Kinangop.

Mimi ni mtu wa mashina ya kugawa. Mbegu za pareto ni ndogo, pumzi yako tu inazipeperusha. Zinataka tuta la udongo laini, kivuli chepesi na maji ya kunyunyiza, na mche wake unakaa kitaluni miezi mitatu hadi minne kabla ya kwenda shambani. Shina lililogawanywa, kwa muda huo huo wa miezi mitatu au minne, linakuwa limeshaanza kukupa maua ya kwanza. Halafu unajua unachopanda. Kipande kitazaa kama mama yake alivyozaa, wakati mche wa mbegu una baba asiyejulikana: huu utakuwa na maua mengi, ule wa pili yake matatu.

Lakini jirani akikwambia "ingia uchukue popote", mkatalie kwa adabu. Mama wa miche huchaguliwa wakati wa maua, kabla mashina hayajakatwa, kwa sababu likishakatwa kila shina linafanana na jingine. Pita shambani kwake pareto ikiwa imechanua, ufunge uzi kwenye mashina unayoyapenda: yenye maua mengi, yaliyosimama wima bila kulalia udongo, na yenye ile njano ya katikati pana. Usichague yote kutoka kwa mama mmoja. Pareto haikubali chavua yake yenyewe, na vipande vyote vya mama mmoja inavihesabu kuwa ni mwili mmoja, hivyo shamba la mama mmoja halitakupa mbegu za kuotesha hata ukizitaka.

Mvua zikishika, ng'oa yale yenye uzi, kung'uta udongo, na kabla ya lolote tazama mizizi. Ukiona vinundu, tupa mbali, tena choma. Mizizi ikiwa safi, gawa kwa mikono, kila kipande kiwe na mizizi yake na machipukizi machache. Punguza majani yasinyonye maji bure, kata na mizizi mirefu isijikunje shimoni. Panda siku hiyo hiyo. Jua likikuwahi, viweke kivulini chini ya gunia bichi.

Nafasi ni sentimita 60 kati ya mistari na 30 kati ya miche. Kwa hesabu hiyo ekari inakula miche kama 22,000, na hapo ndipo vijana wengi hushtuka. Kwa hiyo anza na robo ekari, miche kama 5,500, ukishaona maua yake ndiyo yawe mama wa ekari nzima. Weka mbolea ya kupandia yenye fosfeti, TSP au DAP, kidogo tu shimoni, uichanganye na udongo isiguse mizizi. Usifukie kitovu cha mche pale majani yanapochipukia, kitaoza. Shamba likiwa na tope, pandisha kwenye matuta. Likiwa na mteremko, na Makete nani asiye na mteremko, mistari ikate mlima, isishuke nao.

Palizi usiicheleweshe miezi miwili ya mwanzo. Pareto changa ni mnyonge, magugu huifunika ikakata tamaa. Ikishafunga mistari, kazi inapungua.

Shikamoo Bibi Shamba. Mimi na mume wangu tunalima pareto Umalila. Msimu uliopita tulipeleka magunia mawili, maua yetu meupe pee, mazuri kuliko ya wote waliokuwepo. Mnunuzi akasema sumu ni ndogo akatupa bei ya chini. Jirani yetu maua yake yalikuwa yamechanguka, hayavutii, akalipwa zaidi. Bibi, tumeibiwa?
*Mama wa Umalila*

Marahaba mama. Inawezekana mmeibiwa, wezi wa mizani nawafahamu. Lakini huo weupe pee ndio ulionitia shaka, na naomba unisikilize kabla hamjaenda kugombana na mtu.

Lile unaloliita ua moja ni maua mengi yaliyokaa pamoja. Petali nyeupe za pembeni ni pambo la kuita wadudu, ndani yake sumu ni kidogo mno. Ile njano ya katikati ni vijiua vidogo vidogo vimejipanga mduara ndani ya mduara, na chini ya kila kijiua pana mbegu changa. Katika ngozi ya mbegu hiyo ndimo kwenye vifuko vya mafuta vya pirethrini, yaani hiyo sumu. Sehemu tisa katika kumi za mali yako ziko pale. Mnunuzi akikutolea bei anapima mbegu changa, hapimi weupe.

Sasa, vijiua hivyo havifunguki vyote kwa mara moja. Huanza mduara wa nje kabisa, halafu unaofuata, kwenda ndani. Ua lililochanua petali juzi, njano yake bado imefumba, linapendeza sana kwenye chupa ya maji mezani, na ndilo ambalo naamini mmejaza kwenye magunia yenu. Mbegu zake hazijajaa. Chuma mduara wa tatu au wa nne ukishafunguka, petali zimelala sawasawa na nyingine zimeanza kuchoka. Ukisubiri zaidi, mpaka njano yote imefunguka na kugeuka kahawia, umechelewa: mbegu zinakauka na kupukutika, na kiwango kinashuka tena. Jirani yako asiyependeza anajua kuhesabu miduara.

Kwa hiyo rudini shambani kila baada ya wiki mbili au tatu, msizidishe. Najua inavyokuwa. Watu wana viazi, wana misiba, wana harusi, basi wanasubiri siku moja watoto wako nyumbani, wanachuma kila kilichopo: kitumba, kilichofika na kilichozeeka, vyote gunia moja. Maabara haiwezi kuwachagulia, inasaga yote pamoja na kutoa namba moja. Ua kavu zuri lina pirethrini kati ya asilimia 1 na 2, na tofauti ya nusu asilimia hapo ni ada ya shule.

Chuma umande ukishakauka. Kamata ua kati ya dole gumba na cha shahada ulikate shingoni, kikonyo kibaki kwenye mmea. Kikonyo kinaongeza uzito wa gunia na kushusha namba ya maabara, wanaodhani wamemwibia mnunuzi kwa vikonyo wamejiibia. Tumia tenga au kikapu kinachopitisha hewa. Mfuko wa nailoni ni adui: maua mabichi yakibanana humo kuanzia asubuhi mpaka saa tisa, weka mkono katikati uone yanavyochemka. Yakishachemka hakuna anika itakayoyarudisha.

Kuanika ndiko wengi mnakopotelea. Siku ile ile ya kuchuma, yatandaze membamba juu ya chanja, ua lisilalie ua, yageuzwe mara kwa mara, usiku na mvua vikija yaingie ndani. Udongoni hapana, hata juu ya turubai sipendi, unyevu hutoka chini. Huku kwetu ukungu ukishuka wiki nzima, wenye uwezo hujenga kibanda cha moto wenye bomba la kutolea moshi nje. Moshi usiguse maua na joto lisizidi nyuzi 50 hivi. Moto mkali hukausha haraka na kuua sumu haraka vilevile. Jua nalo ni rafiki wa siku chache. Pirethrini huvunjwa na mwanga, hivyo ua likishakauka lisiendelee kulala juani eti likauke zaidi. Utajua limekauka ukilisugua kiganjani na njano ya katikati ikasambaratika kama chenga za tumbaku. Ikigoma na kunata, rudisha chanjani. Kilo nne hadi tano za mabichi zitakupa kilo moja kavu, mtu akikuahidi zaidi ya hapo ujue anakuuzia maji.

Weka kwenye magunia safi, chumba kikavu chenye giza, uuze mapema. Kila mwezi gunia likikaa darini linapoteza kitu ambacho mizani haionyeshi, kwa sababu uzito unabaki ule ule.

Ukishatimiza hayo, ndipo umbane mnunuzi. Sampuli ichukuliwe mbele yako, juu, katikati na chini ya gunia, ichanganywe, igawanywe mara mbili, nusu moja ifungwe na kutiwa sahihi ubaki nayo wewe. Karatasi ya maabara iandikwe asilimia, isiandikwe "ndogo" au "kubwa". Kitu hiki kinapimika. Muundo wa pirethrini ulichambuliwa na wanakemia wawili, Staudinger na Ružička, wakauchapisha mwaka 1924. Na Ružička, kwa taarifa yako, alizaliwa Vukovar, mji ulioko Kroatia ya leo, nchi ile ile pareto ilikotoka. Mnunuzi wa karne hii asikwambie ameonja kwa ulimi.

Bibi Shamba, salamu kutoka Hamburg. Nina balkoni inayopata jua. Pareto itaishi huku kwenye theluji, au nitapoteza pesa?
*Mzawa wa Iringa*

Itaishi, tena huko iko karibu na kwao kuliko hapa. Theluji haiisumbui, kinachoiua majira ya baridi ni chungu kilichojaa maji. Weka changarawe nyingi, udongo wenye chokaa kidogo, jua la siku nzima, na ukiotesha mbegu masika usitazamie maua mwaka wa kwanza. Yatakuja mwanzoni mwa kiangazi cha mwaka wa pili, kwa mkupuo mmoja, halafu basi. Hutakuwa unachuma mwezi baada ya mwezi kama dada zako wa Mufindi.

Angalia tu usiuziwe binamu yake. Maduka ya huko hupenda ile yenye maua mekundu au ya waridi, kutoka milima ya Kaukazi. Inapendeza sana mezani, na zamani unga wake nao uliuzwa kuulia viroboto, lakini nguvu zake hazifikii nyeupe ya Dalmatia.

Hujambo Bibi. Nimerudi shamba la babu huku Kinangop. Nilipanda pareto, ina karibu miaka minne sasa. Mwanzo ilizaa sana. Siku hizi maua ni madogo, kuna sehemu mimea imegeuka manjano, na nikiing'oa mizizi ina vifundo. Nafikiria kuing'oa yote niweke waru (viazi mviringo) msimu mmoja halafu nirudishe pareto. Wazee wanasema babu alilima miaka mingi bila shida.
*Mjukuu, Kinangop*

Sijambo mjukuu wangu. Una mambo mawili hapo yaliyokutana, tuyatenganishe.

La kwanza ni umri. Shina la pareto linaishi miaka mingi, lakini la kibiashara huchoka mwaka wa tatu au wa nne. Katikati hufa, pembeni hutanuka, maua yanapungua na kuwa madogo. Ungeweza kuchelewesha kidogo kwa kukata mashina makavu yote kila mwaka baada ya msimu wa maua, karibu na ardhi, ili machipukizi mapya yapate mwanga. Wengi hawakati kwa huruma, wanaona kama wanaharibu. Kwa umri wa shamba lako huo ni ushauri wa shamba lijalo.

La pili ni hivyo vifundo. Hao ni minyoo fundo, wanaishi ndani ya udongo na kuingia mizizini. Nimefurahi sana umeandika kabla ya kupanda waru, maana minyoo hiyo huipenda waru kama inavyoipenda pareto. Ungekuwa umeifungulia hoteli. Mtu akikushauri karoti au maharagwe, kataa pia. Mnyoo huyu anayesumbua pareto za baridi hana meno kwa jamii ya nyasi, kwa hiyo weka ngano, shayiri, shayiri ya mifugo au majani ya ng'ombe, misimu miwili mitatu, na magugu yenye majani mapana uyang'oe bila huruma kwa sababu yanawahifadhi. Nilimwambia yule kijana wa Makete kwamba ngano yake ni bahati, hii ndiyo bahati yenyewe. Na ukirudi kwenye pareto usichukue hata kipande kimoja kutoka shamba hili bovu. Utakuwa unawabeba minyoo kwa mikono yako kuwapeleka nyumba mpya.

Kuhusu babu. Pareto iliingia Kenya mwishoni mwa miaka ya 1920. Kabla ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia iliyoongoza sokoni ilikuwa Japani, vita vilipoifunga njia hiyo Kenya ikachukua kiti, ikakaa juu yake kwa miongo mingi. Babu yako alilima wakati ambapo ardhi ilikuwa mpya, shamba likichoka alikuwa na jingine la kuhamia, na ukilileta zao ulilipwa. Kilichovunja mgongo wa pareto ya Kenya mwanzoni mwa miaka ya 2000 si minyoo. Wakulima walipeleka maua wakakaa bila malipo miezi na miezi, mwisho wakang'oa wakaweka waru na maziwa. Nafasi ilichukuliwa na Tasmania, kisiwa kule Australia, wanakovuna kwa mashine mara moja kwa mwaka. Mashine inachukua kilichofika na ambacho hakijafika. Mkono wako unaweza kuchagua, na hilo ndilo la kutumia ukirudi sokoni. Ila kabla hujarudi, andikishianeni tarehe ya malipo na huyo atakayenunua.

Shikamoo Bibi. Nachuma pareto kwa vibarua huku Njombe. Nikianza tu napiga chafya, macho yanawasha, na mikono imetoka vipele. Naogopa kuacha kazi. Pia naomba kujua kama naweza kuyasaga maua nyumbani nikaua viroboto kwenye banda la kuku na fukusi kwenye mahindi. Nina mtoto mchanga.
*Mchumaji, Njombe*

Marahaba mwanangu. Hilo la mikono na pua nalijua, huwapata watu kadhaa katika kila kundi la wachumaji. Maua mabichi ya ukoo huu yana kitu kinachochokoza ngozi ya baadhi ya watu, na mwili ukishakizoea vibaya hausahau, kila msimu unakuwa mkali zaidi. Vaa mikono mirefu, funga kitambaa puani, na glavu hata zile nyepesi za kuoshea vyombo. Ukimaliza nawa kwa sabuni mpaka viwiko na ubadilishe nguo kabla hujambeba mtoto. Usichume ukiwa naye mgongoni, muachie mtu. Muombe mwenye shamba akupe kazi ya palizi au ya kubeba matenga wakati wa maua mengi. Lakini kifua kikianza kubana au kutoa mlio, hiyo si chafya tena, nenda zahanati siku hiyo hiyo, na kwa kweli pareto itakuwa imekushinda.

Banda la kuku ndiyo, inafaa. Chukua maua makavu kabisa, yatwange na kuchekecha ukiwa nje, upepo ukikupa mgongo (wewe mwenyewe bora umtafute mwingine wa kutwanga), nyunyiza unga kwenye viota na nyufa za mbao. Utaona viroboto wamelala chali mapema. Usidanganyike: pareto huangusha mdudu haraka sana, lakini kipimo kikiwa kidogo huzinduka baada ya saa kadhaa akaondoka zake. Ndiyo maana viwandani huchanganya na dawa nyingine ya kumzuia asiivunje sumu mwilini. Wewe huna, basi fagia walioanguka uwachome. Rudia kila baada ya siku chache kwa sababu mwanga unaimaliza nguvu upesi. Huo upesi ndio uzuri wake kwa binadamu, na ndio uliowafanya wanakemia watengeneze zile zilizoigwa kutoka kwake zinazodumu muda mrefu, kama zilizo kwenye vyandarua vyenye dawa. Chandarua cha mtoto ni binamu wa kiwandani wa hilo ua unalolichuma.

Kwenye mahindi ya kula nakukataza kupima kwa kiganja. Unga wako hujui una asilimia ngapi, na fukusi ni sugu kuliko kiroboto. Kwa ghala la chakula nunua dawa iliyoandikwa kipimo na muda wa kusubiri kabla ya kula, au tumia ile mifuko ya kuhifadhia isiyopitisha hewa, ambayo haihitaji dawa yoyote na kwa nyumba yenye mtoto mchanga ningeanzia hapo.

Ukitaka kunyunyizia mchicha, loweka unga kwenye maji yenye sabuni kidogo usiku kucha, usichemshe, chuja, piga jioni nyuki wakishalala, maana haiwachagui. Na maji ya kuoshea bomba la kunyunyizia usiyamwage mtoni wala karibu na bwawa la samaki. Perege hufa kwa kiasi kidogo mno cha pareto. Chimba shimo mbali na maji, umwage humo, ufukie.